Usiokoe Ukoo, Okoa Mbwa

Kuna sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa rika langu, na nimeichoka: "Nataka kuokoa mbwa, lakini awe Maltese." Wakati mwingine ni Chihuahua. Wakati mwingine ni Shih Tzu, au yule Japanese Spitz mweupe unayemsikia akibweka kwenye balkoni za Syokimau na Kitengela. Anayeisema hutaka kusifiwa mara mbili. Kwanza kwa huruma, kwa sababu hakununua mbwa dukani, ameokoa. Pili kwa jicho zuri, kwa sababu alichookoa kina ukoo.

Nitasema hoja yangu mapema, ili usiyeipenda uachie hapa. Kuokoa kunakoanza kwa kuuliza ukoo ni ununuzi wa bei nafuu uliovaa nguo za huruma. Na huku Ukambani, Kitui na Makueni, tabia hiyo ina gharama. Mbwa ndio wanaolipa kwanza, kisha watoto.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikarudi Wote kwa sababu kodi ya Wote inalipika. Tangu hapo ninazunguka kati ya Makueni, kwetu, na Kitui, kwa nyanya yangu, susu kama tunavyosema. Sina digrii ya udaktari wa mifugo, wala digrii yoyote ile. Lakini nina macho, na nimeishi na mbwa wa hapa tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kuchunga mbuzi.

Wacha nianze na mahali wazo lenyewe lilipotoka, maana halikuota Emali.

Uingereza na Marekani kuna vituo vinavyookoa mbwa wa uzao mmoja tu. Kuna vya pug, kuna vya dachshund, kuna vya Chihuahua. Wanaoviendesha ni watu wanaoujua uzao huo kama mkulima anavyojua shamba lake: goti linaloteguka, meno yanayooza mapema, moyo unaochoka, pua fupi isiyopitisha hewa vizuri. Mzee akifariki na kuacha mbwa wawili wadogo, kituo huwachukua, huwatibu, humhoji anayewataka, humtembelea nyumbani na kumwandikisha mkataba. Sina ugomvi na watu hao. Nchi zao zimezalisha mbwa wadogo wa uzao safi kwa wingi, kwa miaka mingi, kwa ajili ya soko. Wakitupwa, ni haki kabisa kwamba wapenzi wa uzao huo wawaokote. Ni mzigo walioutengeneza wenyewe, na wanaubeba wenyewe.

Sisi tumechukua neno, tukaacha sababu. Shirika kongwe la kazi hii nchini ni KSPCA, lililoanza mwaka 1910, na makao yake yako Karen, Nairobi. Pale utakuta mbwa na paka waliookotwa, waliopigwa, waliogongwa na magari, na waliorudishwa na watu waliohama. Wapo wa uzao safi mara mojamoja, lakini wengi ni mbwa wetu wa kawaida: wa kahawia, wenye masikio yasiyojua kama yasimame au yalale, na mkia uliojikunja juu. Rafiki yangu mmoja alienda pale na orodha kichwani. Akapita vizimba vyote, akarudi mtaani mikono mitupu. Nilipomuuliza kama hakukuwa na mbwa, akanijibu, "Manze, walikuwa wengi, lakini hakukuwa na wa maana."

Wa maana. Hilo ndilo neno ninalogombana nalo.

Uzao safi si kitu kilichoshuka na mvua. Ni daftari. London, mwaka 1860, mwanamke aitwaye Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa, na magazeti yakamkejeli kwa kuhurumia mbwa wa barabarani. Makao hayo yapo mpaka leo, yanajulikana kwa jina la Battersea. Mwaka huohuo wa 1860, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri la kiangazi la mfalme wa China karibu na Beijing. Kati ya vitu vilivyobebwa kulikuwa na mbwa wadogo wa Pekingese. Mmoja alipelekwa kwa Malkia Victoria, akapewa jina la Looty, kutokana na neno la Kiingereza la mali ya kupora. Kwa Kiswahili tungemwita Ngawira. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1873, ikaundwa Kennel Club ya Uingereza, na kazi ya kuandika nani ni mbwa safi na nani si safi ikapata ofisi.

Tazama mitindo miwili iliyozaliwa katika mji mmoja. Mmoja ulisema: mbwa yeyote mwenye njaa apewe chakula. Mwingine ulisema: tuwapange mbwa kwa daraja. Mary Tealby hakuuliza ukoo mlangoni. Leo kijana wa Nairobi anajiona anafuata mtindo wa kwanza, kumbe miguu yake iko kwenye wa pili.

Na daftari hilo lilipofika kwetu lilifika na tusi. Walowezi wa Kenya walikuwa na jina la mbwa wa Mwafrika: mbwa shenzi. Walichukua neno la Kiswahili, wakalipachika kwa mnyama, na kila aliyesikia alijua kwamba tusi haliishii kwa mnyama. Mbwa wa mlowezi alikuwa na cheti, na mbwa wa mtu aliyemlimia shamba alikuwa shenzi. Sasa sikia kichekesho. Kuna mbwa wa vijijini Kongo, wadogo, werevu, wasiobweka kama wengine, ambao Wazungu waliwabeba mpaka Uingereza. Mwaka 1937 walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts na watu wakasongamana kuwaona. Katika miaka ya 1940 wakaandikishwa Marekani kama uzao rasmi. Jina lao ni Basenji, jina linalotajwa kuwa ndugu wa neno letu hilohilo, mshenzi. Yaani mbwa wa kijijini, akiwa kijijini, ni shenzi. Akipanda meli na kuandikwa kwenye daftari, anakuwa Basenji, na foleni ya kumnunua inaanza. Damu yake haikubadilika baharini. Kilichobadilika ni nani aliyeshika kalamu.

Sasa rudi kwenye sahani yako. Jumapili ukienda kula nyama Emali au Sultan Hamud, unauliza kuku wa aina gani? Kienyeji. Unalipa zaidi ili upate kienyeji. Yule wa gredi aliyenoneshwa kwa wiki sita unamwona hana ladha. Mboga pia, unataka za kienyeji: managu, terere, mchicha. Wewe mwenyewe unasema kienyeji ni ngumu, haigonjeki ovyo, imezoea hapa. Lakini tukifika kwa mbwa, ghafla ulimi unageuka. Kienyeji anakuwa mchafu, mkali, mjinga, mbwa koko. Kwa nini? Kwa sababu kuku unamla, na mbwa unaonekana naye. Kuku ni wa tumbo, mbwa ni wa picha.

Na kama ni ukoo unaoutafuta kwa kweli, basi umeangalia pembe isiyo yake. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha utafiti wa chembe za urithi za mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Katikati ya Namibia walikuta mbwa waliochanganyika sana na mbwa wa Ulaya. Lakini wa Uganda, majirani zetu, walionekana kuwa kwa sehemu kubwa ni wa asili ya huku, na wenye mchanganyiko mpana wa urithi ambao mbwa wa madaftari walishaupoteza. Madaftari mengi hayajafika miaka 150. Mbwa wa kijijini ana historia ndefu kuliko daftari lolote, ila hakuna aliyempa karatasi.

Huo upana wa urithi si mapambo. Mbwa akizalishwa ndani ya kundi dogo ili pua iwe fupi zaidi na mwili uwe mdogo zaidi, magonjwa hufuata. Mbwa wenye uso bapa, kama pug, hushindwa kupumua vizuri hata kwenye baridi ya London. Mlete Makindu au Mutomo mwezi wa pili, saa nane mchana, halafu uniambie hiyo ni huruma. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo, Norway, iliamua kwamba kuendelea kuwazalisha Cavalier King Charles, mbwa mdogo mzuri wa kupakatwa, ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya maradhi anayozaliwa nayo. Wenzetu waliovumbua mtindo wameanza kuushtaki mahakamani. Sisi ndio kwanza tunauagiza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sasa tuje Ukambani, maana hapa ndipo hoja yangu inapoacha kuwa ya maneno.

Mbwa wa Kitui na Makueni ana kazi. Anafukuza nyani kwenye mahindi na maembe. Anabweka fisi akikaribia boma la mbuzi. Anamsindikiza mtoto kisimani na mama sokoni. Analala nje, anakula mabaki ya isyo yakibaki, na ukame ukija yeye ndiye wa kwanza kukonda. Ana jina, mara nyingi Simba, hata kama mbavu zinahesabika. Katika miaka ya 1990 watafiti walihesabu mbwa wa wilaya ya Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka 1992. Walichokikuta kinapaswa kutuondolea uvivu wa mawazo: karibu kila mbwa alikuwa na mwenyewe. Hawakuwa mbwa wa mtaa wasio na kwao. Walikuwa mbwa wa watu, ila wengi hawakufungwa, na maisha yao yalikuwa mafupi, miaka michache tu.

Kwa hiyo tatizo letu halifanani na lile la Battersea. Mbwa wa Ukambani hajapotea. Ana nyumba, ana jina, ana watoto wanaompenda. Anachokosa ni mtu mmoja tu katika ukoo mzima, pamoja na wewe uliye mjini na mshahara, anayeamini kwamba mbwa huyu anastahili daktari. Anayestahili daktari ni wa gredi. Huyu ni wa kienyeji, atajijua.

Hajijui. Anaumwa kichaa.

Kichaa cha mbwa kiliandikwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye bado kinaua. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Kenya, makadirio yamefika watu 2,000 kwa mwaka. Zaidi ya asilimia 99 ya wanaougua wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna njia: kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali bila kuchelewa na kumaliza chanjo zote. Na kabla ya hapo kuna njia rahisi zaidi, kumchanja mbwa.

Jirani wa susu alikuwa na mtoto wa darasa la pili aliyeumwa mguuni na mbwa wa nyumba ya tatu. Walimpaka majivu. Kesho yake wakampeleka zahanati, wakaambiwa chanjo imeisha, wajaribu hospitali kubwa. Huko nako wakaambiwa wanunue nje. Baba yake aliuza mbuzi wawili ili chanjo zikamilike. Mtoto alipona, na bado anaenda shule akipitia njia ileile. Mbwa aliuawa kwa mawe siku hiyohiyo, na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa na kichaa au alikuwa na njaa tu. Mbwa yule hakuwahi kuchanjwa hata mara moja maishani mwake. Watoto watatu wa nyumba ile wanafanya kazi Nairobi, na mmoja wao ana mbwa mweupe mdogo ambaye ana kadi ya kliniki.

Sisemi hivyo kumsuta. Nasema hivyo kwa sababu hesabu yote iko hapo. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Makueni ikawa moja ya kaunti za majaribio. Nguzo ya mpango ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Ukifika hapo, ugonjwa unakosa pa kupitia. Lakini fikiria: kama mbwa wa kijijini anaishi miaka michache tu, basi mwaka huu unachanja, mwakani sehemu ya uliowachanja wamekufa na vibwa vipya vimezaliwa. Kampeni ya siku moja na picha ya mkubwa akishika sindano haitoshi. Inabidi kurudi. Mbwa waishi zaidi, wazae kidogo, wachanjwe tena. Kwa lugha nyingine, inabidi mbwa wa kienyeji atunzwe. Hiyo asilimia 70 haitapatikana kwenye balkoni za Syokimau. Itapatikana kwa akina Simba wa Kathonzweni na Zombe, au haitapatikana.

Na pale tunaposhindwa kutunza, tunaua. Kenya imewahi kutega nyama yenye sumu ya striknini mara nyingi ili kupunguza mbwa wa mitaani. Ni kifo cha mateso, na hakisaidii. Wataalamu wa afya ya watu na ya wanyama wamesema kwa miaka kwamba kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa. Mbwa waliochanjwa wanakufa pamoja na wengine, nafasi inajazwa na wapya wasiochanjwa, na mzunguko unaanza upya. Lakini ni rahisi kuweka sumu kwa kitu ambacho tayari umekiita takataka. Jina huja kwanza, sumu hufuata. Ndiyo maana nagombana na neno "wa maana".

Utaniuliza serikali iko wapi. Swali zuri. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, penye orodha ya kazi za kaunti. Namba sita ni udhibiti na ustawi wa wanyama. Humo zimetajwa leseni za mbwa, na mahali pa kuwapa wanyama makao, matunzo na mazishi. Si ombi la wapenda wanyama. Ni Katiba. Makao ya wanyama yaliyokosa wenyewe ni kazi ya kaunti, sawa na masoko na zahanati.

Sasa mimi nimetembea Wote, Kibwezi, Mtito Andei, Mwingi, Kitui mjini, na sijaona bango la makao hayo. Mtu wa Wote akimwokota mbwa aliyegongwa, Karen ni safari ya kilomita kama 130. Wa Kitui mjini, zaidi. Kwa matatu ipi, na kondakta yupi atakubali? Kwa hiyo mbwa anabaki kando ya barabara ya Mombasa mpaka afe, na sisi tunapandisha kioo.

Usiniambie kaunti zetu haziwezi. Makueni ilijenga kiwanda cha maembe Kalamba. Mikutano yake ya wananchi ya kupanga bajeti imesifiwa mpaka nje ya nchi. Kitui ilijenga kiwanda cha nguo, KICOTEC, na mwaka 2020 kilishona barakoa nchi nzima ikiwa na hofu. Kaunti zinazoweza kusindika embe na kushona barakoa zinaweza kujenga uzio, vizimba ishirini, kisima na chumba cha daktari wa mifugo. Hazijajenga kwa sababu hakuna aliyeuliza. Sisi vijana, tunaojua kuandika na kupiga kelele, tulikuwa bize kutafuta Maltese wa kuokolewa.

Nasikia majibu yako. Tuyajibu moja moja.

Unasema unaishi ghorofani, unahitaji mbwa mdogo. Hiyo ni sababu halali. Nafasi ni nafasi, na mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Basi taja kilo, usitaje ukoo. Nenda kwenye makao useme, "Naishi chumba kimoja, nafanya kazi nyumbani, nataka mbwa mdogo mtulivu." Wanaowalisha kila siku wanajua nani ni mtulivu kati yao. Na pengine watakwambia ukweli mwingine: kwamba nyumba yako inafaa paka.

Unasema kienyeji ni wakali. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa tangu akiwa na miezi mitatu, anayetupiwa mawe na kila anayepita, atakuwa mkali hata akiwa na cheti cha Kennel Club. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mfunge wewe mwenyewe hivyo wiki moja tuone utamsalimia nani.

Unasema pesa ni zako. Kweli. Na maneno ni yako pia. Nunua Maltese, lipa makumi ya maelfu, mpeleke kliniki, mpende. Sina neno, ila mchunguze anayekuuzia, maana anayezalisha mbwa kwenye vizimba vya giza anaishi kwa pesa zako. Ila usiite kununua kuokoa. Neno kuokoa lina wenyewe.

Na unasema, hata Maltese aliyetupwa ni uhai. Hapo tuko pamoja kabisa. Mwenye mbwa akihamia ng'ambo na kumwacha mlangoni kwa mlinzi, mbwa yule ana hofu na njaa kama mwingine yeyote. Mchukue. Mchukue kesho. Ninachokataa ni kupita mbele ya vizimba kumi vya mbwa wanaokutazama ili umfikie yeye, halafu kusema makao hayana kitu. Aliyepata bahati ya kuwa mweupe na mdogo atapata nyumba hata bila wewe, kuna watu wanamgojea. Yule wa kahawia ndiye anayehitaji kuokolewa, maana hakuna foleni yake.

Basi tufanye nini? Sipendi makala ya kulalamika yasiyo na kazi mwishoni, kwa hiyo hizi hapa.

Ukitaka mbwa, anza na asiye na jina la kigeni. Wa makao, au wa ushago. Ukimtoa ushago, usimnyang'anye mama kibwa cha wiki tatu kwa sababu ni kizuri kwa picha. Ngoja wiki nane. Mpe chanjo zake zote, ya kichaa ikiwemo, na ukiwa na pesa ya kibwa, kuwa na pesa ya mama yake pia: mchanje, mfunge uzazi. La sivyo umeondoa kimoja na mwaka ujao watazaliwa sita.

Ukienda nyumbani Desemba, usipeleke mkate na sukari pekee. Uliza mbwa wa nyumbani alichanjwa lini. Kama hakuna anayekumbuka, hajachanjwa. Mtafute afisa wa mifugo wa wadi, mlete, mlipe nauli yake, na uwaite majirani walete wao. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, na kampeni nyingi za chanjo hupangwa karibu na siku hiyo. Piga simu wiki moja kabla na uulize chanjo inafanyika kituo gani. Mbwa hajui kusoma tangazo.

Mwisho, na hili ndilo kubwa. Bajeti ya kaunti hupitia kwenye mikutano ya wananchi. Wazee huenda kuomba barabara na maji, na wana haki. Nenda nao. Simama, usome namba sita ya Jedwali la Nne kwa sauti, na umuulize mwakilishi wako wa wadi: makao ya wanyama ya Makueni yatajengwa lini, na ya Kitui lini? Watacheka. Walimcheka Mary Tealby pia. Rudi mwaka unaofuata na watu watano, waliowahi kuuza mbuzi kulipia chanjo ya mtoto wawe wawili kati yao. Watu hao hawatachekwa.

Makao hayo yakijengwa, nadhani najua mbwa atakayefika wa kwanza. Atakuwa wa kahawia, amekonda, ana sikio moja limesimama na jingine limelala. Hatakuwa na cheti. Daktari atamuuliza aliyemleta anaitwaje, na jibu litakuwa Simba.